Desimali za kisanduku cha Chekereni: kisa cha kukompaili upya libm, maktaba ya hesabu ya mfumo

Mashine ya kukoboa mpunga ninayoizungumzia iko upande wa Chekereni, chini ya mji wa Moshi, katikati ya mashamba yanayonyweshwa na mifereji ya mradi wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987. Wakati wa mavuno inakoboa usiku na mchana, na kila kitu kinategemea feni ya kuvuta pumba. Feni ikisimama, pumba zinajaa, mashine nzima inazimwa, na wenye magunia wanabaki nje wakipiga simu. Ndiyo maana mwenye mashine alinunua kisanduku cha kupima mtetemo, kikafungwa kwenye mota ya feni hiyo. Kazi yake ni moja tu: kusikiliza beringi na kupiga kengele kabla haijajifunga.

Beringi ilijifunga. Kengele haikulia.

Mzee anayesimamia ufundi pale alinipokea bila kona kona. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana. Hiki kidude chenu kinakula umeme tu. Beringi imelia siku nzima, mimi naisikia kwa masikio yangu haya, chenyewe kimenyamaza." Nilimweleza kwamba mimi si wa kampuni iliyokiuza wala si niliyeandika programu yake, nimeitwa kutoka Arusha kukikagua. Hakuonekana kuona tofauti, na kwa upande wake haipo. Lakini maneno yake yalinipa kitu cha kushika. Kama sikio la mtu liliisikia beringi katikati ya kelele zote zile, basi ishara ilikuwepo, tena kubwa. Kisanduku hakikuwa kiziwi. Kilikuwa na shughuli nyingine.

Kilichotakiwa kufanyika

Beringi yenyewe ni 6205, yenye gololi 9. Mota ni ya nguzo 4 kwenye umeme wa 50 Hz, kwa hiyo huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika. Kibao chake kinasema 1,480, yaani karibu mara 24.7 kwa sekunde. Ringi ya nje ya beringi ya namna hii ikianza kuchimbika, kila gololi inayopita juu ya kijishimo inagonga, na kugonga huko hutokea takriban mara 3.58 kwa kila mzunguko wa shafti. Zidisha, unapata kama 88 Hz. Anayetaka kujua hali ya beringi hii anaangalia kama kuna kilima kinachoota kwenye 88 Hz, na kama kuna vingine kwenye mara mbili na mara tatu yake.

Kisanduku kinasoma kihisi chenye mihimili mitatu mara 3,200 kwa sekunde. Kinakusanya sampuli 4,096 kwa kila mhimili, halafu kinazipitisha kwenye FFT, ile njia ya kutenganisha masafa ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965. Dirisha moja la sampuli linachukua sekunde 1.28, na umbali kati ya masafa mawili jirani ni 0.78 Hz. Hiyo inatosha na kubaki kuitenga 88 ya beringi na 100 inayotokana na umeme wenyewe. Kwa upande wa vipimo, aliyekisanifu alijua anachokifanya.

Tatizo lilionekana kwenye kumbukumbu za kisanduku. Mstari baada ya mstari uliandikwa kwamba dirisha limeachwa. Programu ilikuwa bado inapiga hesabu za dirisha moja wakati jingine limeshajaa, kwa hiyo jipya linatupwa. Kengele nayo iliwekewa sharti la busara kabisa: ilie pale tu kilima kinapoonekana kwenye madirisha kadhaa mfululizo, isije ikalia kwa sababu mtu kaangusha gunia karibu na mota. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata kimya kile. Mfululizo ulikuwa unakatika kila mara kabla haujatimia.

Prosesa inajua, programu hazijui

Ndani ya kisanduku kuna prosesa ya Cortex-A8 inayokwenda kwa 300 MHz, bila feni ya kupoza, jambo la maana kwenye vumbi la pumba. Mfumo endeshi ni Debian 7, aina ya Linux, ile ya Wheezy ya mwaka 2013. Amri ya `top` ilionyesha programu ya mtetemo imeshika prosesa yote. Hapo mtu wa haraka angesema prosesa ni ndogo, nunua kubwa. Mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa hivyo na aliyemuuzia, pamoja na bei ya hicho kikubwa.

Nikafungua `/proc/cpuinfo`, faili linaloorodhesha sifa za prosesa. Kwenye mstari wa sifa yalikuwepo maneno `vfp`, `vfpv3` na `neon`. Maana yake ndani ya silikoni kuna kitengo, VFP, cha kupiga hesabu za nukta inayoelea, ambazo kuanzia hapa nitaziita desimali. Ujumbe wa kuwaka kwa kerneli, kiini cha mfumo, nao ulikuwa na mstari unaoanza na `VFP support v0.3: implementor 41`. Hiyo 41 ni ya heksadesimali, ni herufi A, alama ya ARM, kampuni iliyosanifu prosesa hii. Mstari huu si wa kupita juu juu: kerneli iliyokompailiwa (yaani kugeuzwa kutoka msimbo kuwa amri za prosesa) bila `CONFIG_VFP` haikiamshi kitengo hicho, na programu itakayojaribu kukitumia inakufa papo hapo kwa kosa la amri haramu. Hapa kerneli ilikuwa imekiamsha. Kikakaa macho, hakuna anayekipa kazi.

Ushahidi ukapatikana kwa `readelf -A`, amri inayoonyesha faili ilikompailiwa kwa prosesa ipi, juu ya `libm.so.6`, maktaba ya hesabu ya mfumo, yenye `sin`, `cos`, `sqrt`, `log10` na ndugu zao. Ilikuwa imekompailiwa kwa ARMv4T, bila dalili yoyote ya VFP. Hilo si kosa la Debian. Tawi lao la armel lilikusudiwa kuwaka kwenye prosesa za ARM za kila umri kuanzia v4T, na nyingi kati ya hizo hazina kitengo cha desimali kabisa. Wenye prosesa mpya walitengenezewa tawi jingine, armhf, lililoanza rasmi na Wheezy hiyo hiyo na linalodai angalau ARMv7 yenye VFPv3-D16. Cortex-A8 inatimiza masharti yote. Aliyetengeneza kisanduku aliweka armel, nadhani kwa sababu alitaka mfumo mmoja wa kuweka kwenye bodi zake zote, za zamani na mpya.

Kwenye armel ya kawaida, kuzidisha namba mbili za desimali si amri moja ya prosesa. Ni wito kwenda kwenye kipande cha programu kiitwacho `__aeabi_dmul`. Kipande hicho kinapasua namba ya biti 64 vipande vitatu, biti 1 ya alama, 11 za kipeo na 52 za sehemu, kinazidisha kwa hesabu za namba nzima, kinakadiria biti ya mwisho, kisha kinashona upya. Jibu ni sahihi kabisa. Ila linachukua makumi ya mapigo ya saa ya prosesa, wakati VFP ya Cortex-A8 inajumlisha kwa mapigo 9 hadi 10 na kuzidisha kwa 11 hadi 17. Na hiyo VFP ya A8 yenyewe si ya kujivunia, maana haianzi amri mpya kabla ya kumaliza iliyopo mkononi. Cortex-A9 iliyokuja baadaye inaiacha mbali.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kisa kilipo. FFT ya sampuli 4,096 ina hatua 12, kila hatua ina vipepeo 2,048, yaani hesabu ndogo za kuunganisha namba mbili mbili, jumla vipepeo 24,576. Kila kipepeo kinahitaji kuzidisha mara 4 na kujumlisha au kutoa mara 6. Kwa mihimili mitatu unapata operesheni 737,280 kwa kila dirisha. Ukikadiria mapigo 60 kwa kila moja, ni kama milioni 44. Prosesa ya 300 MHz ina mapigo milioni 384 ndani ya sekunde 1.28. Kwa hesabu hiyo kisanduku kingekuwa kinapumzika muda mwingi, hata bila VFP. Kwa hiyo `__aeabi_dmul` peke yake isingetosha kukilemea hivi.

`perf`, chombo cha kupima muda wa programu unaishia wapi, ikaonyesha mzigo halisi. Sehemu kubwa mno ya muda ilikuwa ndani ya `libm-2.13.so`, kwenye `sin` na `cos`. Kuna mtu alikuwa anaziita upya ndani ya kila kipepeo. Mara mbili kwa kila kipepeo, vipepeo 24,576, mihimili mitatu: miito 147,456 kwa kila dirisha. Kila wito ndani yake una makumi ya kuzidisha na kujumlisha. Chukulia 40 tu, kila moja mapigo 60, unafika milioni 354. Ongeza zile 44 za vipepeo, jumla milioni 398. Mapigo yaliyopo ni 384. Hapo bado hujasoma kihisi, hujaandika faili, hujatuma kitu. Ni makadirio ya kichwani, lakini yanaeleza kwa nini kisanduku kilikuwa kinachelewa kidogo kila dirisha badala ya kukwama moja kwa moja, na kwa nini siku za mwanzo hakuna aliyegundua.

Mtu yeyote aliyewahi kuandika FFT ameshaanza kunong'ona kwamba dawa iko kwenye programu, si kwenye libm. Nakubali. Shida ni kwamba chanzo cha programu, yaani msimbo wake kama ulivyoandikwa, hakikuwepo mashineni, na kampuni ya Arusha iliyoiandika ilikuwa imeacha kupokea simu. Mpunga wa Saro ulikuwa unaingia kwa malori. Kilichokuwa mkononi ni kisanduku, nenosiri la msimamizi, na chanzo cha Debian ambacho ni cha watu wote. Libm ndiyo sehemu pekee ya mzigo ule niliyoweza kuigusa bila kuomba ruhusa ya mtu asiyepokea simu.

Kwa nini si armhf

Niliulizwa na zaidi ya mmoja kwa nini sikufuta kila kitu nikaweka armhf. Jibu ni faili moja, draiva ya kihisi, iliyotolewa na mtengenezaji ikiwa imeshakompailiwa, bila chanzo, kwa armel.

Kompaila ya GCC ina njia tatu za kushughulikia desimali kwenye ARM, zinazochaguliwa kwa `-mfloat-abi`. Ya kwanza, `soft`, ndiyo niliyoieleza: hesabu zote kwa programu, na namba zinapitishwa baina ya kazi moja (kipande cha programu kinachoitwa na kingine) na nyingine kupitia rejista za kawaida, vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa, `r0` hadi `r3`. Ya tatu, `hard`, inatumia amri za VFP na pia inapitisha namba kupitia rejista za VFP zenyewe, `d0` na kuendelea. Hizi mbili haziongei. Draiva yetu ina kazi inayorudisha mchapuko kama desimali ya biti 64. Inaiacha kwenye `r0` na `r1`. Programu ya `hard` itaenda kuichukua kwenye `d0`, ikakuta takataka iliyobaki kutoka hesabu nyingine. Ndiyo maana kiunganishi hugoma kuunganisha faili za aina hizi mbili, na heri kigome. Ukikilazimisha, huenda hakuna kitakachoanguka. Utapata tu mtetemo wa ajabu na kuanza kumtafuta mchawi kwenye beringi.

Katikati ya hizo ipo `softfp`. Ndani ya kazi inatumia amri za VFP, lakini mlangoni inapokea na kurudisha namba kwa utaratibu ule ule wa `soft`. Kwa hiyo maktaba ya `softfp` inaingia kwenye mfumo wa armel na programu za zamani zinaiita bila kujua kuna kilichobadilika. Bei yake iko mlangoni: kutoa namba kutoka rejista za VFP kwenda za kawaida kwenye Cortex-A8 kunasimamisha prosesa kwa karibu mapigo 20. Ni kama mashine ya kukoboa ya umeme inayolishwa mpunga kwa bakuli. Kazi ndefu kama `sin` inaubeba mzigo huo bila shida, kwa sababu inaingia mlangoni mara moja na kufanya makumi ya hesabu ndani. Kazi fupi fupi ndizo zinazoumia.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo kwa usanifu naiona safi zaidi. Debian inaruhusu armel na armhf kuishi pamoja, kwa hiyo ungeweza kuiacha draiva ndani ya programu ndogo ya armel inayosoma kihisi, na kuzimwaga sampuli kwenye bomba kwenda kwa programu ya armhf inayopiga hesabu. Lakini flashi ya kisanduku ilikuwa imekaribia kujaa, seti ya pili ya maktaba isingeingia, na bila chanzo cha programu hakukuwa na cha kukompaili kwa armhf. Kwenye bodi yenye nafasi na programu ambayo ni yako, ningeanza huko.

Kuikompaili

Libm haisimami peke yake. Inatoka kwenye chanzo kimoja na libc, maktaba kuu ya mfumo, na baina yao kuna majina ya ndani yenye lebo ya `GLIBC_PRIVATE` ambayo hayana ahadi yoyote ya kubaki yale yale kutoka toleo moja hadi jingine. Kwa hiyo huchukui chanzo kipya ukaja na libm ya kisasa. Unatazama `dpkg -l libc6`, unachukua eglibc 2.13 ya Wheezy (sura ya glibc, chanzo cha libc na libm, ambayo Debian iliitumia enzi hizo) yenye viraka vya Debian vya toleo lile lile, na unaikompaili kwa GCC ya enzi hizo. Kompaila ya leo itaukataa msimbo huo mapema sana.

Kufanya kazi hiyo ndani ya kisanduku chenyewe ni adhabu, hasa kwenye mashine ambayo umeme ukitikisika kila kitu kinaanza upya. Nilitengeneza Wheezy ya armel ndani ya laptopu, Arusha, nikaiendesha kwa QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine, nikaiacha ikompaili usiku. Chanzo cha glibc kinataka saraka yake ya pembeni ya kujengea, hakikubali kujengwa ndani ya chanzo. Bendera zilikuwa hizi:

`-O2 -march=armv7-a -mtune=cortex-a8 -mfpu=vfpv3-d16 -mfloat-abi=softfp`

Unajenga yote, lakini unachobeba kurudi nacho ni libm tu. Libc na kipakiaji (kinachoingiza maktaba programu inapowaka) vinabaki vile vile vya Debian. Hapo kuna jambo lililonifurahisha kwa waandishi wa glibc. Ukitumia VFP, rejista `d8` hadi `d15` lazima zihifadhiwe na kila anayezigusa, na `setjmp` ya libc, kazi inayohifadhi hali ya rejista ili programu irudi hapo baadaye, nayo lazima izikumbuke. Libc ya armel haikukompailiwa kwa VFP, lakini `setjmp` yake inauliza wakati wa kukimbia kama prosesa ina kitengo hicho, na kikiwepo inazihifadhi. Bila hilo, kuchanganya libm ya `softfp` na libc ya `soft` kungekuwa na mtego mbaya.

Kuhusu mahali pa kuiweka, wengi wanaharibu mfumo kwa kuandika juu ya `libm.so.6` iliyopo. Hakuna haja. Kipakiaji cha glibc ya enzi hizo kinapokea kutoka kerneli orodha ya sifa za prosesa, na kikiona VFP kinatafuta kwanza kwenye saraka ndogo yenye jina hilo. Kwa hiyo faili mpya iliwekwa `/lib/arm-linux-gnueabi/vfp/libm.so.6`, ikafuata `ldconfig` ya kusasisha orodha ya maktaba, halafu `ldd` juu ya programu ya mtetemo ikaonyesha njia yenye `vfp` ndani yake. Ukitaka kurudi nyuma unafuta faili moja na kurudia `ldconfig`. (Utaratibu huu wa saraka uliondolewa kwenye glibc 2.37, kwa hiyo usiutegemee kwenye mifumo mipya.) Na libc6 ikafungwa kwa `apt-mark hold`, kwa sababu ikisasishwa peke yake itaiacha libm yetu nyuma na programu zitagoma kuwaka. Wheezy ilishafika mwisho wa matunzo yake ya muda mrefu Mei 2018, kwa hiyo sasisho si tishio kubwa, lakini kuna watu wenye mikono myepesi.

Je, majibu ni yale yale?

Hapa watu wengi wana wasiwasi usio mahali pake, na pengine hawana wasiwasi panapostahili. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili vimefungwa na kanuni ya IEEE 754 tangu mwaka 1985: jibu lazima liwe lile lililo karibu zaidi na jibu kamili. Programu ya `soft` inaifuata, VFP inaifuata. Amri ya VFPv3 ya kuzidisha na kujumlisha kwa mkupuo nayo inakadiria mara mbili, baada ya kuzidisha na baada ya kujumlisha, sawa na kufanya kimoja kimoja. Kwa hiyo chanzo kile kile cha `sin`, kikikompailiwa kwa njia mbili, kinatakiwa kutoa biti zile zile 64. VFPv4 ingekuwa hadithi nyingine, kwa kuwa ina amri inayokadiria mara moja tu, na kompaila huitumia bila kukuuliza.

Kwa hiyo kipimo hakikuwa kuangalia kama majibu yanakaribiana tu, bali kama ni yale yale kabisa. Nilihifadhi madirisha ya sampuli ghafi, nikaipitisha programu ile ile juu yake mara moja kwa libm ya zamani na mara moja kwa mpya, nikaziweka faili mbili za masafa mbele ya `cmp`. Haikusema kitu, ndivyo inavyofanya faili zikiwa sawa baiti kwa baiti. Ingesema hata baiti moja imetofautiana, ningerudi kwenye bendera za kompaila na kutafuta nilichovuruga. Majaribio ya hesabu yanayokuja na chanzo cha glibc nayo niliyaendesha kwenye kisanduku chenyewe, si kwenye QEMU, kwa kuwa kinachopimwa ni silikoni ile.

Kuna waliopendekeza `-ffast-math`, bendera inayoiruhusu kompaila kulegeza kanuni za desimali, na NEON, kitengo cha prosesa cha kupiga hesabu kadhaa kwa mkupuo, ili twende mbio zaidi. Kwa libm, hapana. NEON ya ARMv7 inashughulikia desimali za biti 32 tu, na namba ndogo kupindukia inazifanya sifuri. Ndiyo sababu GCC yenyewe inakataa kuitumia kwa desimali mpaka uiambie kwamba hujali. Maktaba ya mfumo inatumiwa na kila programu iliyomo ndani ya kisanduku, na huna haki ya kutojali kwa niaba yao.

Matokeo yalikuwa karibu na makadirio. Kila wito wa `sin` ulishuka kutoka kama mapigo 2,400 hadi kama 520 pamoja na bei ya mlangoni, kwa hiyo zile milioni 354 zikawa kama 77. Pamoja na vipepeo ambavyo bado vilikuwa `soft`, jumla ni milioni 121 kati ya 384. `top` ikatulia karibu theluthi moja. Mistari ya dirisha kuachwa ikakoma siku ile ile. Mzee wa ufundi aliomba tumjaribishie: akafunga beringi ya zamani iliyochimbika kwenye mota, akawasha, na kilima kikaota kwenye 88 Hz na kengele ikalia kabla hajamaliza kufunga kava. "Haya," alisema, "sasa kinasikia."

Chanzo kilipofika

Baada ya mwenye mashine kuwakumbusha walioandika programu kwamba risiti zao anazo, chanzo kilikuja. Nilikwenda moja kwa moja kwenye FFT. Ndani kabisa ya mzunguko wa tatu kulikuwa na `cos(2*PI*j/m)` na chini yake `sin` ya kitu kile kile. Thamani hizo hazibadiliki kamwe. Kwa sampuli 4,096 unahitaji jozi 2,048 tu, unazipiga mara moja programu inapowaka, unaziweka kwenye jedwali, basi. Maktaba kama KISS FFT inafanya hivyo bila kuambiwa. Jedwali hilo kwa biti 64 linakula KB 32, sawasawa na akiba ya kwanza ya data (kashe) ya Cortex-A8 hii, kwa hiyo litakuwa linasukumana na sampuli zenyewe. Kwa biti 32 linakuwa nusu, na kwa mtetemo wa beringi usahihi huo unatosha.

Hebu linganisha. Libm mpya iliokoa kama mapigo milioni 277 kwa kila dirisha. Jedwali peke yake, kwa libm ile ile ya zamani, lingeokoa milioni 354, kwa mistari isiyozidi kumi ya C. Kwa hiyo anayenijia leo na programu nzito kwenye armel namuuliza kwanza kama chanzo anacho. Kama anacho, kukompaili libm ni kazi ya pili au ya tatu. Kama hana, libm ndiyo mlango pekee ulio wazi, na ni mlango mzuri: hugusi programu, unarudi nyuma kwa kufuta faili moja, na kila programu nyingine ndani ya mfumo inafaidika.

Tulifanya yote mawili, na programu nayo ikakompailiwa kwa `softfp`. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Libm haina habari na `a*b` iliyoandikwa ndani ya programu yako. Hiyo inaita `__aeabi_dmul` iliyobebwa na programu yenyewe, na itaendelea kuiita hata ungebadilisha libm mara ngapi. Baada ya kukompaili, vipepeo vilishuka kutoka milioni 44 hadi kama 9. Kilichobaki kwa libm ni `sqrt` na `log10`, mara moja moja kwa kila masafa.

Draiva ya kihisi bado ni `soft` na itabaki hivyo, kwa kuwa chanzo chake hakipo. Inabadilisha usomaji 9,600 kwa sekunde kuwa desimali. Hata ukiihesabia kuzidisha kumoja na kujumlisha kumoja kwa kila usomaji, kwa mapigo 60 kila kimoja, ni mapigo milioni 1.15 kati ya milioni 300, chini ya nusu ya asilimia moja. Hatukuigusa.